Wasomaji Wanauliza: Nani Anakula Mboga Zako Usiku?

Mvua zikishaanza Nyanda za Juu Kusini, barua zinazotufikia hulia kilio kimoja: mboga zinaliwa, mlaji haonekani. Tumechagua maswali yaliyoeleza tatizo kwa undani. Ombi letu kwa kila anayesoma ni hili: usitwange jani lolote wala kuchanganya dawa yoyote kabla hujamwona mdudu kwa macho yako. Dawa nzuri ikipewa mdudu asiye wake ni kazi ya bure, na mara nyingi inaua wale waliokuwa wanakusaidia.

Shikamooni wahariri. Nina bustani ya chainizi na spinachi nyuma ya nyumba, hapa Tukuyu. Nikihamishia miche kwenye tuta jioni, asubuhi nakuta vimebaki vijiti. Jirani mmoja anasema ni panzi, mwingine anasema ni sota. Nimenyunyiza majivu mara tatu na mvua imeyasomba mara tatu. Nisaidieni.
*Mama mkulima, Tukuyu*

Marahaba mama. Kwa Tukuyu, mahali ambapo ardhi haikauki miezi mingi ya mwaka, wa kwanza kumshuku ni koa, yule konokono asiye na gamba. Thibitisha hivi. Usiku wa manyunyu, kati ya saa 2 na saa 4, toka na tochi, uinamishe mwanga ukaribie usawa wa ardhi. Ukiona utepe unaong'aa kama ute uliokauka juu ya udongo au kwenye majani, ni yeye. Sota, yule kiwavi wa nondo anayeishi udongoni, hana ute. Yeye hukata shina chini kabisa na kuliacha jani limelala. Panzi naye hung'ata kuanzia ukingoni mwa jani, tena mchana. Koa hula popote, anaacha matundu yasiyo na umbo maalumu, na mche mchanga anaumaliza wote.

Ukimpata, mwangalie kwa karibu. Nyuma ya kichwa, upande wa kulia, utaona kitundu kinachofunguka na kufumba: hapo ndipo anapopumulia. Mwili wake wote ni laini, hauna ganda la kuzuia maji yasipotee, ndiyo maana mchana anajificha penye unyevu. Hapo ndipo pa kumkamatia. Usimfukuze kwenye mboga usiku kucha. Mtengenezee kitanda, umfuate asubuhi.

Tukuyu mna migomba, na kitanda hicho hakina gharama. Chukua mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, kata vipande vya urefu wa sentimita 40, pasua kila kipande katikati kwa urefu. Jioni vilaze kati ya matuta, upande uliopasuliwa ukitazama chini, kimoja kila baada ya hatua mbili. Asubuhi kati ya saa 12 na saa 1, kabla jua halijapasha joto, vigeuze. Utawakuta wamejibana kwenye vyumba vya mgomba. Waokote kwa kijiti au ukiwa umevaa mfuko wa plastiki mkononi, uwatumbukize kwenye ndoo yenye maji ya moto. Usiwashike kwa mikono mitupu, kwa sababu konokono na makoa wanaweza kubeba minyoo inayodhuru binadamu, na kwa sababu hiyohiyo mboga za majani zinazoliwa mbichi zioshwe jani moja moja. Badilisha vipande vya mgomba vikianza kuoza na kulainika kabisa. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili mfululizo. Wengi huacha siku ya nne wakiona wamepungua, na hapo ndipo mayai yanapoanguliwa.

Kuhusu mayai: chimbua kidogo chini ya mawe, mbao na marundo ya magugu. Utaona kirundo cha vijiduara vyeupe vinavyopenyeza mwanga, kama punje za tapioka iliyopikwa. Vianike juani, vitakauka. Kwenye joto mayai huanguliwa ndani ya wiki chache. Baridi ikizidi huchelewa, kwa hiyo usidhani msimu wa baridi umewamaliza.

Mtego wa pili ni wa pombe. Koa huvutwa na harufu ya hamira, si ulevi wenyewe. Komoni iliyochacha inafaa, ulanzi pia. Asiyetaka pombe nyumbani achanganye lita 1 ya maji ya uvuguvugu, kijiko 1 cha chai cha hamira na vijiko 2 vya chakula vya sukari, aache saa chache mpaka ianze kutoa povu. Fukia kopo la plastiki lenye kina cha sentimita 10 hivi, lakini mdomo wake ubaki juu ya udongo kwa sentimita 2. Hizo sentimita 2 usizipuuze: koa atapanda, ila mende weusi wa ardhini wanaowinda makoa hawatatumbukia. Jaza nusu. Weka kipande cha bati juu ya mawe matatu ili mvua isiijaze kopo, maana kwa mvua ya Rungwe mtego usio na paa utakuwa maji matupu kufikia asubuhi. Kopo moja linahudumia takriban mita moja kila upande, si zaidi. Badilisha kila baada ya siku 2 au 3.

Sasa yapo mambo mawili mnayofanya yanayomkaribisha. La kwanza ni kumwagilia jioni. Mwagilia asubuhi, ili usiku uso wa udongo uwe umekauka kidogo. La pili ni matandazo. Majani ya mgomba juu ya tuta ni mazuri kwa udongo, lakini kwa mche mchanga ni nyumba ya adui mlangoni kwako. Acha duara wazi la sentimita 15 kuzunguka kila mche mpaka uwe na majani sita au saba magumu, ndipo usogeze matandazo.

Na kama mnafuga bata, waingizeni bustanini baada ya kuvuna na kabla ya kupanda, siku tatu au nne. Wanaokota makoa na mayai kwa bidii ambayo hatuwezi kushindana nayo. Msiwaingize miche ikiwa michanga, maana watakula chainizi vilevile.

Nimesoma kwamba maganda ya mayai yaliyosagwa na chumvi vinazuia makoa. Je, ni kweli?
*Msomaji, Mbeya mjini*

Maganda ya mayai yasikutie gharama ya muda. Mwaka 2018 chama cha bustani cha Uingereza, RHS, kilitoa matokeo ya jaribio la saladi zilizozungushiwa maganda ya mayai, changarawe, utepe wa shaba na vizuizi vingine vya aina hiyo. Saladi zililiwa karibu sawa na zile zisizozungushiwa kitu. Koa hutandaza ute chini ya tumbo na kupita juu yake kama mtu aliyevaa viatu. Yatie maganda kwenye mboji, huko yana kazi.

Chumvi inaua, ni kweli, lakini inaua na udongo pia. Usiimwage kwenye tuta hata kidogo.

Majivu makavu yanafanya kazi kwa usiku mmoja usio na umande mzito. Yakilowa yamekwisha. Ukiyarudishia kila siku kwenye tuta hilohilo, unapunguza uchachu wa udongo kupita kiasi, na pale utakapotaka kupanda viazi mviringo utaona ukurutu kwenye maganda ya viazi.

Zile chembe za kuua konokono zinazouzwa madukani zina sumu inayovutia mbwa, bata na kuku. Kwenye nyumba yenye watoto na mifugo tunashauri usiziweke.

Nalima vinyungu, bustani zetu za bondeni, hapa Kilolo. Nimefyeka nyasi, nimepindua udongo, na siku ya tatu nikapanda kabichi. Sasa kila asubuhi nakuta miche mitano au kumi imelala kama imekatwa kwa wembe. Sioni ute wala mdudu.
*Kijana wa Kilolo*

Huyo ni sota, kijana wetu, na barua yako yenyewe imetaja alikotoka: siku ya tatu. Nondo wa sota hutaga kwenye nyasi na magugu. Ulipopindua nyasi mbichi ulimzika akiwa hai na akiwa na njaa, kisha ukampandia kabichi juu yake. Kinyungu kinatakiwa kikae wazi bila jani la kijani wiki 2 mpaka 3 kabla ya kupanda. Katikati ya muda huo kipindue tena mara moja, ukiwa umeruhusu kuku wazunguke. Sota na pupa wake (sota aliyejifunga kabla ya kuwa nondo) wakitupwa juu, ndege na kuku wanamaliza.

Kwa miche iliyokwisha kupandwa, chimbua leo asubuhi kuzunguka mche uliolala usiku wa jana. Tumia kidole au kijiti, kina cha sentimita 2 mpaka 5, umbali wa kiganja. Utamkuta amejikunja kama herufi C, rangi ya udongo, mnene, ngozi yake inang'aa kama imepakwa mafuta. Mmoja anaweza kukata miche kadhaa kwa usiku mmoja, kwa hiyo ukimtoa huyo mmoja umeokoa mstari. Usichimbue mche uliokatwa siku tano zilizopita, ameshahama.

Miche ya kurudishia ipe kola. Kata boksi gumu au kopo la plastiki lisilo na kitako, urefu sentimita 10, lizungushe mche na ulididimize mpaka sentimita 3 au 4 ziwe ardhini. Kosa la kawaida ni kuiweka juu juu tu. Sota hupita chini. Kosa lingine ni kuifunga kola na sota akiwa ndani, kwa hiyo kwanza pekua udongo wa shimo la mche. Shina likifikia unene wa penseli, kola itoke.

Msimu ujao otesha miche kwenye kitalu cha meza: fito zilizosimama kimo cha kiuno, na juu yake udongo wa sentimita 15. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji. Sota, makoa na sisimizi hawapandi. Maji yaongezwe kila yakipungua, na hakikisha hakuna jani la nyasi linalogusa meza, kwa sababu jani moja linatosha kuwa daraja.

Kabichi zangu hapa Njombe zimejaa vidukari vya kijivu ndani kabisa ya moyo. Nimepiga maji ya sabuni ya unga, majani yakaungua na vidukari vipo. Kosa langu ni nini?
*Msomaji, Njombe*

Makosa ni mawili, na yote yanarekebishika.

Sabuni ya unga ya kufulia ina vitu vingine vya kung'arisha nguo ambavyo vinaunguza jani. Tumia sabuni ya mche isiyo na rangi wala manukato makali, au sabuni ya maji isiyo kali. Kwa sabuni ya mche, kwangua gramu 50, yeyusha kwenye lita 1 ya maji ya moto, yapoe, kisha ongeza maji baridi yafike lita 10. Kwa sabuni ya maji, mililita 5 mpaka 10 kwa kila lita 1. Jaribu kwanza kwenye kabichi mbili, usubiri siku nzima. Jamii ya kabichi nyingine hazipendi sabuni, na ni heri uungue majani mawili kuliko shamba. Piga jioni, kamwe si jua kali.

Kosa la pili ni jinsi ulivyopiga. Sabuni haina sumu inayobaki kwenye jani. Inamuua kidukari inayemlowesha tu, ikishakauka imekwisha. Vidukari vya kabichi vimejipaka unga wa nta unaokimbiza maji, ndiyo maana vinaonekana vya kijivu, na ndiyo maana maji matupu huteleza. Kwa hiyo geuza mdomo wa bomba utazame juu, upige chini ya majani na ndani ya moyo mpaka pachuruzike. Rudia baada ya siku 4 au 5, mara tatu. Jike la kidukari huzaa watoto hai bila dume, na watoto hao huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Ukipiga mara moja na kwenda zako, baada ya wiki mbili umerudi ulikoanza.

Lakini kabla hujapiga, tunakuomba sana uangalie kitu kimoja. Katikati ya kundi la kijivu tafuta vidukari vilivyovimba, vikavu, rangi ya kahawia kama punje ya ngano, vimeng'ang'ania jani havisogei. Ukiona kimoja kina kitundu mgongoni, cha mviringo kabisa kama kimetobolewa kwa sindano, kuna nyigu mdogo kuliko sisimizi aliyetaga yai ndani ya kidukari hicho. Mtoto wake amekula nyama yote akabakiza ganda, kisha akatoka kwa mlango huo. Kila ganda la namna hiyo limetoa nyigu anayekwenda kutafuta vidukari vingine. Ukikuta maganda ya kahawia ni mengi, sema moja kwa kila vidukari vitatu au vinne, weka bomba chini. Ondoa kwa mkono yale majani ya nje yaliyojaa vidukari hai, mengine waachie nyigu. Hali kadhalika ukiona mdudu kibibi, yule mviringo mwekundu mwenye madoa meusi. Watoto wake hawafanani naye: ni warefu, weusi, wenye miiba midogo na madoa ya njano au machungwa, na watu wengi huwaua wakidhani ndio walaji.

Angalia sisimizi pia. Vidukari vikinyonya utomvu hutoa maji matamu, na sisimizi huyanywa. Kwa malipo huwafukuza kibibi na nyigu. Ukimwaga maji ya moto kwenye kichuguu chao kilicho mbali na mizizi ya mboga, wasaidizi wako wanapata nafasi.

Nina pareto hapa Umalila. Je, naweza kutumia maua yangu mwenyewe kwenye bustani ya nyumbani? Vipimo tafadhali, maana kila mtu ana chake.
*Mzee mkulima, Mbeya Vijijini*

Shikamoo mzee. Unaweza, na watu wa Umalila, Makete na Mufindi mmekalia dawa ambayo dunia inainunua kutoka kwenu. Sumu iliyomo kwenye ua la pareto inashika mishipa ya fahamu ya mdudu na kumwangusha kwa dakika chache.

Chuma maua yaliyofunguka vizuri, kabla hayajazeeka; sehemu kubwa ya dawa imo kwenye vijimbegu vya ule moyo wa njano. Yakaushe kivulini au kwenye kikaushio, siyo juani siku nzima, mpaka yavunjike yakifikichwa. Twanga kwenye kinu ukiwa nje ya nyumba, mdomo na pua vimefungwa kitambaa. Mwenye pumu asitwange. Vumbi lake huwasumbua.

Kipimo ni gramu 20 za unga kwa lita 10 za maji. Bomba la lita 15 linataka gramu 30. Nenda na kikombe kidogo dukani penye mzani, pima gramu hizo mara moja, chora mstari kwenye kikombe, na usiende kwa makadirio ya kiganja tena. Koroga unga kwenye maji ya baridi, chuja kwa kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara mbili ili bomba lisizibe, tia sabuni kidogo mwishoni ili dawa ishike jani, na upige muda uleule. Dawa ya pareto ya jana ni dhaifu, ya juzi ni maji.

Inaposhindwa, sababu huwa mojawapo ya hizi. Umepiga mchana: jua linaivunja ndani ya saa chache, kwa hiyo piga kuanzia saa 11 jioni. Umetumia maji yanayochemka. Umechanganya na majivu au chokaa, ambavyo huiharibu. Au unga umekaa kwenye mfuko wazi tangu mwaka jana. Utunze kwenye kopo jeusi lililofungwa. Na kuna mdudu asiyejali pareto sana: utitiri mwekundu wa kiangazi. Kwa huyo tumia maji ya nguvu na sabuni chini ya majani.

Pareto haichagui. Inaua nyuki na kibibi sawasawa na kiwavi, na samaki pia. Jioni nyuki wameshaingia mizingani, hiyo ni sababu nyingine ya kusubiri. Usipige juu ya maua ya njegere au maboga. Kwa mboga za kula, subiri siku 2.

Mimi natumia utupa. Kwa shangazi yangu unaua viwavi, kwangu haufanyi kitu, na mmea ni uleule. Nipo Mufindi.
*Dada wa Mufindi*

Mmea unaweza kufanana kwa kila kitu na usiwe uleule, dada. Utupa una aina mbili zisizotofautika kwa macho: moja ina viini vinavyoua wadudu kwa wingi, nyingine haina. Rangi ya ua haikuambii. Chukua mbegu kwa shangazi yako uoteshe, na utupa wako uuache uwe mbolea ya kijani, kazi hiyo unaifanya vizuri.

Lakini kabla ya kubadili mbegu, kagua utayarishaji. Viini vya utupa havitaki kutoka kwenye jani kuingia kwenye maji matupu. Vinataka sabuni, na sabuni hiyo iwe ndani tangu mwanzo wa kuloweka. Wengi huitia mwisho na kumwaga nguvu ya dawa pamoja na makapi. Kausha majani kivulini, twanga, chukua kilo 1 ya unga kwa lita 10 za maji yenye gramu 10 za sabuni ya mche iliyoyeyushwa. Acha usiku kucha, chuja, piga jioni ya siku inayofuata. Fanya jaribio: jani moja lenye viwavi kumi kwenye kopo, ulinyunyizie, na jingine lenye viwavi kumi ulinyunyizie maji ya sabuni tupu. Hesabu baada ya siku 2 na 3. Utupa hauangushi papo hapo kama pareto, kwa hiyo kuangalia baada ya saa moja kutakudanganya.

Wazee waliutumia kuvulia samaki, na hilo likukumbushe mahali pa kuoshea bomba. Isiwe mtoni, isiwe karibu na bwawa la perege, isiwe kwenye mfereji unaokwenda kwa jirani. Acha wiki nzima kabla ya kuvuna mboga.

Nyanya zetu hapa Ilula zinaliwa na kantangaze, yule kiwavi wa nondo wa nyanya. Kuna dawa ya asili?
*Kikundi cha wakulima, Ilula*

Tuseme ukweli, ndugu zetu: hakuna jani mtakalotwanga litakalommaliza kantangaze peke yake. Tangu alipoonekana nchini mwaka 2014 amewashinda hata wenye dawa za dukani, kwa sababu kiwavi anaishi kati ya ngozi mbili za jani au ndani ya tunda. Sabuni haimfikii. Pareto haimfikii. Mkiinua jani mbele ya jua mtamwona, mstari mdogo wa kijani ndani ya doa jeupe, na punje nyeusi za kinyesi chake nyuma yake.

Kinachosaidia ni kazi ya mikono iliyofanywa na wote kwa pamoja. Kila siku ya tatu pita mistari, chuma majani yenye madoa na nyanya zilizotobolewa. Msiyatupe ukingoni mwa shamba, maana nondo atatoka humo na kurudi. Yatieni kwenye mfuko mweusi wa plastiki, fungeni kabisa, muuache juani wiki 2. Mitego ya harufu ya jike inapatikana kwenye maduka ya pembejeo: kidonge kimoja kinaning'inizwa juu ya beseni la maji yenye matone ya sabuni, karibu na usawa wa mimea. Wekeni beseni kabla miche haijafika shambani. Mkianza kukamata nondo wengi kwa usiku mmoja, ongezeni ukaguzi wa majani wiki hiyohiyo.

Mbegu za mwarobaini huongeza nguvu, kwa kuwa hupunguza ulaji na kukua kwa viwavi wadogo. Mti wenyewe hauipendi baridi ya juu, lakini Pawaga na Idodi si mbali nanyi na huko joto lipo. Chukueni mbegu za mwaka huu zilizokaushwa kivulini, menyeni, twangeni gramu 50 kwa kila lita 1 ya maji, lowekeni usiku kucha, chujeni, pigeni jioni kila wiki. Majani ya mwarobaini ni dhaifu kuliko mbegu, na wengi wanaosema mwarobaini haufai walitumia majani.

Mwisho wa mavuno ng'oeni mabua yote, yachomwe au yafukiwe kwa kina, na eneo lote lisipandwe nyanya, bilinganya wala viazi mviringo kwa msimu. Mmoja wenu akiacha shamba lake na nyanya zilizooza, wote mtamlisha kantangaze wake.

Na msitumie maji ya tumbaku kwenye nyanya. Tumbaku iliyokauka inaweza kubeba ugonjwa wa virusi wa batobato unaohamia kwenye nyanya kupitia mikono, na sumu yake inapenya ngozi ya mpigaji.

Watoto wameua kinyonga kwenye ua wa bustani, wanasema ni mkosi. Je, kinyonga ana faida?
*Mwalimu, Makete*

Anayo, mwalimu. Kinyonga hali jani lako hata moja. Anakula nzi, panzi na viwavi, na hana sumu wala meno ya kukudhuru. Chura naye analinda bustani usiku, wakati makoa na sota wako nje. Mwoneni anapokaa: chini ya jiwe lenye unyevu, pembeni ya dimbwi, kwenye ua wa miti usiofyekwa kabisa. Acheni ukanda wa upana wa mita 1 wa majani na giligilani iliyochanua upande mmoja wa bustani, mbali na kitalu. Maua madogo ya giligilani yanawalisha wale nyigu wa vidukari tuliowaeleza kwa msomaji wa Njombe. Nyigu mkubwa hula utamu wa maua, ni mtoto wake tu anayekula kidukari.

Watoto wapelekeni bustanini na kipande cha kioo cha kukuza, muwaonyeshe ganda la kahawia lenye kitundu. Kinyonga mwingine akija, mwacheni atembee kwa mwendo wake.